Noti za kwaya: kutoka daftari la Sontonga hadi intaneti

Johannesburg, Afrika Kusini

Mwalimu wa kwaya anayeweka noti zake katika intaneti ili wengine wazichukue bila malipo hakuanzisha desturi mpya. Mjini Johannesburg, walimu wa kwaya waliazimana na kunakiliana nyimbo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Historia ya mtunzi mmoja wa huko yaonyesha faida ya nakala, na pia hasara ya kuzikosa.

Mwaka 1897, Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, alitunga wimbo Nkosi Sikelel' iAfrika kwa ajili ya wanafunzi wake. Nyimbo zake aliziandika kwa mkono katika daftari, kwa noti za sol-fa.

Noti hizo zilienezwa nchini Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, kisha wamisionari wakazileta Afrika. Badala ya mistari mitano, hutumia herufi d, r, m, f, s, l na t, huku nukta na vistari vikigawa mapigo. Mwalimu asiye na kinanda aliweza kunakili wimbo wa sauti nne kwa penseli tu, na wanakwaya wakaufuata.

Sontonga alifariki dunia mwaka 1905, kabla ya kutimiza miaka 40. Walimu wa kwaya waliendelea kuazima nyimbo zake kwa mjane wake. Januari 1912, Nkosi Sikelel' iAfrika iliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioasisi chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka 1923, Sol Plaatje aliurekodi mjini London. Leo ndio msingi wa wimbo wa taifa wa Tanzania, na tangu mwaka 1997 ni sehemu ya ule wa Afrika Kusini.

Lakini daftari lenyewe, baada ya kupita mikononi mwa wengi, halikupatikana tena. Wimbo ulionakiliwa na wengi ulibaki. Nyingi kati ya nyimbo nyingine zilipotea pamoja na karatasi zake.

Nakala zisizochakaa

Hapo ndipo intaneti inapobadilisha mambo. Noti zilizopigwa chapa kwa kompyuta na kuhifadhiwa katika tovuti huweza kuchukuliwa na kwaya ya Soweto, Mwanza au Muscat kwa wakati mmoja, na nakala ya asili haiondoki kwa mwenyewe. Mkusanyiko wa CPDL, ulioanzishwa na Rafael Ornes mwaka 1998, hutoa bure maelfu ya noti za kwaya.

Nyimbo za watunzi wa Kiafrika zina haja ya pekee, kwa kuwa nyingi zilibaki katika maandishi ya mkono ya sol-fa. Mwaka 1998, shirika la haki za muziki SAMRO, lenye makao yake Johannesburg, lilianza kuchapisha mkusanyiko uitwao South Africa Sings, wenye sol-fa na noti za mistari kwa pamoja, ili wasomaji wa aina zote mbili waimbe wimbo ule ule.

Haki ya mtunzi

Hata hivyo, si kila noti yaweza kugawiwa. Kwa sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1978, hakimiliki ya utunzi uliochapishwa wakati wa uhai wa mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Nyimbo za Sontonga ziko huru. Lakini mtu akiupangia upya wimbo wa zamani, mpangilio huo una haki yake, na kuusambaza bila idhini ni kumnyima mwenye kazi.

Kwa hiyo mwalimu wa kwaya ana njia tatu zilizo salama: kutoa tungo zake mwenyewe, kutoa zile ambazo muda wake umekwisha, au kuomba ruhusa. Na katika kila ukurasa, jina la mtunzi liandikwe. Kaburi la Sontonga huko Braamfontein lilisahauliwa kwa miaka mingi, hadi Rais Nelson Mandela alipolitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Wakati huo wote, mamilioni ya watu walikuwa wakiuimba wimbo wake.