Kuhariri Faili la Mchoro wa Leza: Leseni Yako Inaruhusu Nini?

Mashine ndogo za kukata na kuchonga kwa leza, ambazo hapo awali zilionekana viwandani na vyuoni tu, sasa zinawekwa juu ya meza za nyumbani. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa malighafi haiko mbali, kwa kuwa misitu ya kupandwa ya Sao Hill, wilayani Mufindi, imezaa viwanda vya mbao na plaiwudi. Aghalabu mwenye mashine hachori mwenyewe. Hununua faili la mchoro kwa njia ya intaneti, kisha hulihariri: huongeza majina ya maharusi, hupunguza ukubwa, au hubadilisha nakshi. Katika makala haya tunaeleza mipaka ya uhariri huo, ili mnunuzi asilipe fedha kwa jambo asiloruhusiwa kulifanya.

Umenunua ruhusa, si mchoro

Anayenunua meza huwa mwenye meza. Anayenunua faili la mchoro hapati umiliki wa namna hiyo. Hupata ruhusa ya kulitumia kwa masharti, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Hakimiliki hubaki kwa mchoraji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, zikiwemo zile za sanaa ya matumizi, na inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza kunakiliwa, kusambazwa na kubadilishwa kwa kazi yake. Humpa pia haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeitunga.

Sheria hiyo hiyo inaacha nafasi kwa matumizi binafsi ndani ya mipaka iliyowekwa. Kukata kishikizo kimoja cha funguo kwa ajili ya nyumba yako si sawa na kukata arobaini vya kuuza sokoni Mwanjelwa. Hapo ndipo wengi hujikwaa.

Tuchukue mfano. Mteja anaagiza zawadi 40 za harusi na kulipa nusu ya bei. Mwenye mashine ananunua faili, anaongeza majina, ananunua plaiwudi na kuanza kazi. Baadaye anasoma leseni na kukuta imeandikwa kwamba faili ni la matumizi ya nyumbani pekee. Akiendelea, anakiuka masharti aliyoyakubali alipolipa. Akisimama, hana budi kurudisha malipo ya mteja, na plaiwudi iliyokwisha kukatwa hairudi dukani. Dakika tano za kusoma zingemwokoa.

Maswali manne kabla ya kulipa

1. Je, ninaruhusiwa kuuza vitu nitakavyokata? Leseni nyingine hukataza kabisa. Nyingine huruhusu hadi idadi fulani. Nyingine hutaka malipo ya ziada.

2. Je, ninaruhusiwa kuuhariri mchoro? Ruhusa ya kuuza vitu haimaanishi ruhusa ya kubadilisha mchoro. Tafuta neno linalohusu mabadiliko.

3. Je, ninaruhusiwa kumpa mtu mwingine faili? Takribani leseni zote za kulipia hukataza kuuza au kugawa faili lenyewe, hata likiwa limehaririwa. Ukimpelekea fundi mwenye mashine faili lako ili akukatie, hakikisha leseni inakubali, na umtake alifute kazi ikiisha.

4. Je, muuzaji ndiye mwenye mchoro? Maelfu ya mafaili yanayouzwa kwa bei ya soda katika makundi ya simu ni ya kutiliwa shaka. Asiye na haki hawezi kukupa haki.

Hifadhi nakala ya leseni siku ile ile unayonunua, pamoja na risiti. Masharti yanaweza kubadilishwa baadaye, nawe utahitaji kuonyesha yale uliyoyakubali.

Alama za leseni huria

Michoro mingi ya bure hutolewa chini ya leseni za Creative Commons, ambazo hutambulishwa kwa herufi. BY humtaka mtumiaji amtaje mchoraji. NC hukataza matumizi ya kibiashara. SA humtaka atakayebadilisha kazi aitoe kwa leseni ile ile. ND hukataza kusambaza kazi iliyobadilishwa. Katika toleo la 4.0 waweza kuihariri kwa ajili yako mwenyewe, lakini usiisambaze. Herufi hizi huunganishwa: BY-NC-SA ina maana kwamba masharti yote matatu yanatumika kwa pamoja.

"Nimeubadilisha, sasa ni wangu"

Kuna dhana iliyoenea kwamba ukibadilisha asilimia fulani ya mchoro, unakuwa mali yako. Hakuna asilimia ya namna hiyo katika sheria yetu. Mchoro uliotokana na mwingine unaweza kulindwa kwa kile kipya ulichoongeza, lakini haki ya mchoraji wa kwanza haifutiki. Kuzungusha ua, kuongeza fremu au kugeuza tembo atazame kushoto hakumwondoi mwenyewe.

Yasiyomo ndani ya leseni

Leseni ya mchoro haibebi kila kitu. Mwandiko unaoutumia kuandika majina huwa na leseni yake. Upo wa bure kwa nyumbani na wa kulipia kwa biashara. Nembo za timu na kampuni hulindwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na aliyekuuzia faili lenye nembo ya timu huenda hakuwa na mamlaka ya kuiuza. Nembo ya Taifa nayo ina sheria yake ya mwaka 1971.

Jambo la nne latuhusu zaidi hapa Nyanda za Juu Kusini. Nakshi za vikapu vya milulu vya Iringa ni urithi wa jamii. Sheria ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi pia: kuzitumia kwa faida na nje ya mazingira yake ya jadi huhitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Faili lililochorwa ng'ambo kwa kuiga nakshi hizo haliondoi takwa hilo.

Kuhariri bila kuharibu

Leseni ikiruhusu, fanya kazi juu ya nakala na uache faili la asili kama lilivyo. Programu huria ya Inkscape yatosha kwa kazi nyingi za nyumbani.

Kwanza, hakiki vipimo. Programu hazikubaliani kuhusu idadi ya nukta katika inchi moja; nyingine huhesabu 72, nyingine 96. Mchoro wa milimita 200 waweza kufunguka ukiwa milimita 150.

Pili, usikuze sanduku kiholela. Nafasi za kuunganishia zilizochorwa kwa ubao wa milimita 3, ukizikuza kwa asilimia 150, huwa milimita 4.5 ilhali ubao wako ungali milimita 3. Viungo vitalegea. Rekebisha nafasi hizo baada ya kukuza.

Tatu, pima upana wa mkato. Kata mraba uliochorwa milimita 50. Ukitoka milimita 49.8, leza yako inakula milimita 0.2, zingatia hilo kwenye viungo.

Nne, geuza maandishi kuwa mistari kabla ya kulipeleka faili kwenye mashine nyingine, na uondoe mistari iliyorudiwa, kwa kuwa leza hupita mara mbili na kuunguza ubao.

Usikate kamwe plastiki ya PVC, hata kama mwenye mchoro ameipendekeza. Moshi wake wenye klorini hudhuru mapafu na kutia mashine kutu. Usiondoke mashine ikiwa inafanya kazi.

Ukiuziwa faili lisilofaa

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe, aeleze bidhaa na bei yake, na ampe mnunuzi nafasi ya kupitia oda kabla ya kuithibitisha. Muuzaji asiyetaja jina wala anwani amekwisha kukuonya.

Faili likikosa kufunguka, au likitofautiana na maelezo, mwandikie muuzaji mara moja ukiambatanisha risiti, picha ya tangazo na nakala ya leseni. Asipojibu, peleka malalamiko ya udanganyifu kwa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa maswali ya hakimiliki, au ukitaka kusajili mchoro wako mwenyewe, wasiliana na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Ushauri wa kuanzisha kiwanda kidogo hutolewa na SIDO, yenye ofisi Mbeya na Iringa.

Leseni isipoeleweka, mwandikie mchoraji umweleze unachokusudia kutengeneza, idadi yake na mahali utakapouza. Jibu lake la maandishi lihifadhi pamoja na risiti.