Ulingoni Sigino

Ndugu msomaji, ukiambiwa kwamba mtu mzima ameamka alfajiri siku ya Jumapili, akachukua darubini na kamera, akaenda shamba kutazama ndege tu, bila manati wala mtego, huenda ukacheka. Wengi wetu tunaoishi mijini tumezoea kuihesabu shughuli hiyo kuwa ni ya wageni wanaopita katika magari ya watalii kuelekea Tarangire na Manyara. Mimi nami nilifikiri hivyo, mpaka asubuhi moja ya mwezi Mei nilipopandishwa juu ya ulingo katika shamba la mtama huko Sigino.

Sigino ni mojawapo ya kata za Mji wa Babati, mji ambao ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2002. Nilikwenda huko na kamera ya kuazima, nikiwatafuta ndege wawili ambao makao yao ya asili, karibu yote, yamo ndani ya nchi yetu: kwenzi wa rangi ya majivu, na kasuku mdogo wa kijani mwenye ukosi wa njano shingoni. Watu husafiri kutoka Ulaya na Marekani, wakatumia fedha nyingi, ili wawaone hao wawili. Mfanyakazi wa Babati anahitaji miguu yake tu.

Pembezoni mwa shamba nilimkuta bibi mmoja ameketi chini ya ulingo, na juu yake mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka kama kumi na miwili hivi, ameshika kombeo na kamba iliyofungwa makopo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini kwenye mashamba ya watu?"

"Natafuta ndege."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Basi umefika," akasema. "Sisi tunawafukuza, wewe unawatafuta. Panda juu ukachague."

Nikapanda. Ndugu msomaji, niliyoyaona kule juu yalinitia haya. Kabla sijaipandisha darubini machoni, yule binti alikwisha kuwataja ndege waliokuwa mbele yetu, kila mmoja kwa jina la kwao, kwa Kigorowa, na kwa tabia yake. Huyu hula wadudu, mwache. Hawa ni minana, wanaharibu kidogo. Hondohondo yule hashuki mpaka jua liwe kali. Alipotikisa makopo hakutikisa ovyo. Alingoja mpaka waje wale anaowataka. Sisi tuliosoma huita kazi hiyo elimu ya ndege. Wao huiita kuamia, nayo huanza kabla jua halijachomoza na kwisha kiza kinapoingia.

Adui wake mkubwa ni kwelea kwelea. Huyu ni ndege mdogo, hafiki uzito wa gramu 25, na dume lake hupata mdomo mwekundu. Ukimwona mmoja utamwonea huruma. Lakini haji mmoja. Huja kama moshi unaoviringika, na kila mmoja aweza kula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: kundi la ndege milioni moja, na makundi ya namna hiyo hutokea katika nchi yetu, humaliza tani 10 kabla ya jua kuzama. Makundi yakizidi, hunyunyiziwa sumu kwa eropleni usiku unapoingia, pale wanapolala. Mkulima huokoa mtama wake. Lakini tai na bundi wanaookota mizoga hiyo hufa pia, na hao ndio waliokuwa wakimsaidia mkulima huyo huyo kupunguza panya.

Nilimuuliza bibi ni nani hupanda ulingoni siku za shule.

"Hupanda mimi," akajibu. Akanyamaza kidogo. "Macho yangu yakishindwa, hupanda yeye."

Sikuwa na la kusema, kwa hiyo nikamuuliza habari za korongo weupe. Hao, alisema, ni wageni wake wa kila mwaka. Huja na mvua, wakatembea katika mashamba wakila viwavi na panzi, kisha wakaondoka. Alikuwa na haki ya kuwasifu. Mwezi ule wa Mei korongo hao walikuwa Ulaya, wakilea makinda juu ya mapaa ya nyumba, kwa kuwa kiangazi cha kule ndio wakati wao wa kuzaa. Wazungu wenyewe walikaa muda mrefu bila kujua ndege wao huenda wapi wakati wa baridi, na wako waliodhani kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa na mkuki umepenya shingoni, na mkuki huo ulikuwa umetoka Afrika. Korongo huyo amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwindaji wetu asiyejulikana jina alikosea shabaha, akawafundisha wataalamu wa Ulaya jiografia.

Kwa msomaji atakayependa kujaribu na jamaa yake, Ziwa Babati liko pale pale mjini. Nenda mapema, jua likiwa mgongoni mwako, utaona yangeyange, mnandi akikausha mabawa, na furukombe juu ya mti. Asiye na kamera kubwa aegemeze simu yake kwenye jicho moja la darubini, picha itatoka. Usisogelee kiota. Tena usisahau kwamba ziwa lile lina viboko: watoto wasichezee ukingoni, na ikifika jioni rudini nyumbani, maana wakati huo ndipo viboko hutoka majini kwenda kula majani.

Turudi ulingoni. Kwenzi wa majivu alinikimbia mara tatu. Mwishowe nikampa binti ile kamera, nikamwonyesha pa kubonyeza. Yeye hakumfuata ndege hata kidogo. Aliielekeza lenzi kwenye kisiki kilichokuwa kitupu, akatulia. Punde kwenzi akaja akatua pale pale, akageuza kichwa, jicho lake jeupe likametameta. Picha ile ni bora kuliko zote nilizopiga siku hiyo, wala sioni aibu kulikiri hilo mbele yako.

Tulikuwa tumeinama, vichwa vitatu juu ya kioo kidogo cha kamera, bibi naye akiwa amepanda ngazi mbili ili aone, aliposhtuka na kupiga ukelele. Upande wa mlima Kwaraa moshi ulikuwa unaviringika. Binti akaniachia kamera mikononi, akashika kombeo, nami nikaanza kuvuta kamba ya makopo.