Mmoja, Wawili, Wengi: Hesabu ya Watu wa Theluji

Aliyekaa chuoni akafundishwa nahau anajua kwamba Mwarabu hahesabu kama sisi. Sisi tuna umoja na wingi, basi. Yeye ana mufrad, muthanna na jam'u, yaani kimoja, viwili, na vitatu kwenda juu. Ndiyo maana twasikia Haramaini, ikikusudiwa misikiti miwili mitukufu ya Makka na Madina; na ndiyo maana katika Suratu-Rahman majini na wanadamu wanasemeshwa kwa uwili.

Lakini uwili hauko Uarabuni peke yake. Uko pia kaskazini kabisa mwa Kanada, kwa watu ambao wageni walizoea kuwaita Waeskimo. Wenyewe hujiita Inuit, na lugha yao ni Inuktitut.

Jina hilo lenyewe ni somo. Mtu mmoja ni inuk. Wawili ni inuuk, irabu ikivutwa. Watatu na zaidi ni inuit. Kwa hiyo Inuit maana yake ni "watu" tu, kama ilivyo asili ya neno Bantu. Tofauti ni kwamba sisi alama ya hesabu twaitia mbele, mtu na watu, nao huitia nyuma. Ngeli hawana, wala hawatengi majina ya kike na ya kiume kama afanyavyo Mwarabu. Hata namba zao hufuata kanuni hiyo: mbili ni marruuk, lenye umbo la uwili, na tatu ni pingasut, lenye umbo la wingi.

Lililonifurahisha zaidi ni neno lao la "wote". Mswahili hana "wote" mmoja kwa kila mtu; husema sisi sote, ninyi nyote, wao wote. Basi na wao ni vivyo hivyo: tamatta ni sisi sote, tamassi ni ninyi nyote, na tamarmik ni wao wote. Lugha mbili zisizo na udugu wowote, lakini katika jambo hili zimekwenda njia moja.

Tazama pia neno igluqaqtuq. Iglu ni nyumba, na neno zima maana yake ni "ana nyumba". Ndani ya neno hilo nyumba haionyeshi idadi. Msemaji akitaka kusema ni tatu, husema pingasunik igluqaqtuq. Hesabu husimama nje, peke yake. Tusistaajabu, kwani kwetu pia nyumba ni nyumba, iwe moja au mia. Kinachotufahamisha ni neno linaloandama. Mbele ya kadhi, "nyumba yote" na "nyumba zote" si urithi mmoja.

Nayaeleza haya kwa sababu vitu vidogo kama hivi hupotea kimya kimya. Huko Greenland, kwa jamaa zao wenye lugha ya ukoo huo huo, uwili umekwishatoweka. Umebaki umoja na wingi. Kanada nako, watoto wengi wa Inuit walitiwa katika shule za bweni ambako walikatazwa kusema lugha yao, na serikali ikaja kuomba radhi mwaka 2008. Eneo la Nunavut, jina ambalo maana yake ni "nchi yetu", liliundwa mwaka 1999, na mwaka 2008 likapitisha sheria ya kuilinda lugha ya wenyeji.

Sheria ni jambo jema, lakini lugha haikai katika makabati ya serikali. Hukaa midomoni mwa wazee na masikioni mwa watoto. Nasi hapa pwani siku hizi twawasikia vijana wetu wakisema "sisi wote", na hakuna anayewarudi. Pengine msomaji atasema ni herufi moja tu iliyobadilika. Naye inuuk ametofautiana na inuk kwa irabu moja tu.