Thamani ya Shilingi ya Fedha ya Kale
Mkazi wa Kabiria aliyerithi kwa babu yake shilingi ya Afrika ya Mashariki, yenye simba mbele ya milima na, upande wa pili, kichwa cha Mfalme George chenye taji, asiharakishe kwenda kwa sonara, kwani sarafu hiyo, iliyoanza kupigwa mwaka 1921 kwa uzito wa karibu gramu 7.8, ina fedha halisi robo tu, yaani chini ya gramu 2, na zile za 1948 na baadaye hazina fedha hata chembe. Thamani yake, kwa rai yangu, imo hasa katika uadimu wa mwaka wake na uzima wa nakshi: manyoya ya shingo ya simba yakionekana bado waziwazi, mkusanyaji huongeza bei. Basi, ndugu msomaji, tafadhali usiisugue kwa majivu wala kwa ndimu.