Kumtafuta Pekari: Somo la Kwanza la Mwindaji Mdogo

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, watoto wa jimbo la Arizona, huko Marekani, hupanda vilima vya jangwa pamoja na wazazi wao ili kuwinda kwa mara ya kwanza. Wengi wao humtafuta pekari, ambaye wenyeji humwita javelina. Jina hilo lina asili ya Kihispania, nalo shina lake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mlima, ambalo pia ndilo lililozaa neno la Kiswahili "jabali".

Amtazamaye pekari kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ni nguruwe. Sivyo. Nguruwe na ngiri ni wa jamii moja, bali pekari ni wa jamii nyingine, yenye makao yake katika Amerika. Chonge za juu za ngiri hupinda kuelekea juu. Za pekari huelekea chini. Mguu wa nyuma wa nguruwe una vidole vinne, na wa pekari kwa kawaida vitatu. Ni mnyama mdogo, mwenye uzito wa kilo 15 hadi 25 hivi, na mabegani amezungukwa na mstari mweupe mfano wa ukosi wa shati.

Je, mtoto atampata wapi katika jangwa pana namna ile? Jibu limo katika elimu ya joto. Manyoya ya pekari ni haba na hayazuii baridi vizuri. Usiku wa kipupwe kundi zima hulala limebanana, na asubuhi hutoka kuota jua. Kwa kuwa Arizona iko kaskazini mwa ikweta, jua la majira hayo hupita upande wa kusini, na miteremko inayotazama kusini ndiyo inayopata joto zaidi. Basi mtoto huketi mahali pa juu, akaikagua miteremko hiyo kwa darubini, polepole. Hutazama pia penye mpungate, mmea wenye vipande bapa vilivyojaa miiba, kwani pekari huupata humo mlo wake na maji pia.

Jambo la pili ni upepo. Macho ya pekari ni dhaifu, lakini pua yake ni kali. Juu kidogo ya mkia ana tezi itoayo harufu nzito, nao husuguana ili kundi lote linuke namna moja. Mara nyingi mwindaji hunusa kundi kabla ya kuliona. Hana budi kukaa mahali ambapo upepo unamjia usoni. Ukigeuka, kundi hutawanyika kila upande. Wengine husema kwamba pekari humshambulia mtu, kumbe mara nyingi huwa anakimbia tu bila kujua hatari iko wapi.

Sheria ya Arizona hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kuwinda mnyama huyu, na mwenye miaka 10 hadi 13 sharti awe amehitimu mafunzo ya uwindaji. Sababu yake huonekana pale kundi linapopatikana. Wanyama wamesongamana, na risasi yaweza kumpita mmoja ikamjeruhi mwingine. Huenda pia vitoto vyenye rangi nyekundu-nyekundu vimesimama karibu na mama yao. Mnyama aliyejeruhiwa vibaya hukimbilia vichakani akafa kwa mateso, na nyama yake isimfae mtu. Kwa hiyo mtoto hufundishwa kungoja mpaka mnyama mmoja asimame peke yake, ubavu wazi. Asiposimama hivyo, silaha hushushwa, na safari huishia kwa kurudi mikono mitupu. Kumpata mnyama ni kazi ya akili. Kumwacha ni kazi ya moyo, nayo ni ngumu zaidi kwa mtoto aliyetembea tangu alfajiri.

Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake swali hili: huko Songea, mwezi wa Juni, mnyama anayetafuta joto la asubuhi angekwenda kwenye mteremko unaotazama upande gani, na kwa nini?