Kipya Kinyemi? Mjadala wa Kubadilisha Kadi ya Michoro

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi kingawa kidonda. Methali hii inawasawiri vyema wapenzi wa michezo ya tarakilishi ambao, kila baada ya miaka miwili hivi, hukabiliwa na swali lile lile: je, waiache kadi ya michoro waliyo nayo na kununua mpya ya hadhi ya juu? Mjadala huu unasikika hata katika mabweni ya vyuo vyetu, na aghalabu huendeshwa kwa Kiingereza, kana kwamba Kiswahili hakina mabega ya kuubeba. Makala haya yananuia kuufafanua kwa Kiswahili. Hoja yetu kuu ni kwamba kuuliza iwapo kadi mpya inaishinda ya zamani hakutufikishi mbali, kwa kuwa jibu karibu kila mara ni ndiyo. Swali lenye uzito ni hili: ni kiungo kipi cha tarakilishi yako kinachokuchelewesha?

Kazi ya kadi ya michoro

Mchezo unapoendelea, kichakataji kikuu cha tarakilishi hupiga hesabu za matukio: adui amesimama wapi, mpira umeelekea upande gani, mlango umefunguliwa au la. Kadi ya michoro huyapokea matokeo hayo na kuyageuza kuwa picha. Picha moja kamili huitwa fremu. Kiwambo cha kawaida kina pikseli 1920 kwa 1080, yaani nukta 2,073,600, na kila nukta sharti ipewe rangi yake. Tukitaka fremu 60 kwa sekunde ili mwendo uonekane mwororo, kadi ina takribani milisekunde 16.7 tu za kuikamilisha kila fremu.

Kiwambo cha 4K kina pikseli 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400. Idadi hiyo ni mara nne kamili ya ile ya kwanza. Kwa hivyo, kadi inayotamba katika kiwambo kimoja huweza kulemewa katika kingine, ilhali mchezo ni ule ule. Hapa ndipo watu wengi hukosea wanapoazima ushauri wa jirani bila kuuliza jirani huyo anatazama kiwambo gani.

Mfano wa kadi mbili

Tuchukue mfano wa kadi mbili za kampuni ya NVIDIA ya Marekani. RTX 4090 ilitolewa Oktoba 2022 kwa bei ya kuanzia ya dola 1,599. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 24, na kiwango chake cha matumizi ya umeme ni wati 450. Mrithi wake, RTX 5090, alitoka Januari 2025 kwa dola 1,999, akiwa na gigabaiti 32 na kiwango cha wati 575.

Tukilinganisha, bei ya kuanzia ilipanda kwa asilimia 25, na umeme kwa takribani asilimia 28. Nayo kasi je? Wapimaji huru waliipata kadi mpya ikiwa mbele kwa takribani robo hadi theluthi moja katika viwambo vya 4K. Kwa maneno mengine, mnunuzi aliongezewa kasi karibu kwa kadiri alivyoongeza fedha na umeme. Aliyekuwa na RTX 4090 hakuwa na sababu kubwa ya kuhama. Lakini mwenye kadi ya mwaka 2018 au 2020, aliyenunua kiwambo cha 4K, angeiona tofauti waziwazi.

Hesabu hii huwa nzito zaidi kwa Mkenya. Kwa kiwango cha takribani shilingi 129 kwa dola kilichokuwapo mwaka 2025, dola 1,999 ni zaidi ya shilingi 257,000, kabla ya nauli ya mzigo, ushuru na faida ya muuzaji. Fedha hizo zinatosha kununua tarakilishi kamili ya kazi za kawaida, na zikabaki.

Lugha ya matangazo

Sisi wanafunzi wa fasihi tumefunzwa kuidadisi matini kabla ya kuiamini. Tangazo la biashara nalo ni matini. Mnamo Januari 2025, katika maonyesho ya CES mjini Las Vegas, mkuu wa NVIDIA, Jensen Huang, alitangaza kuwa RTX 5070, yenye bei ya dola 549, ingetoa utendaji wa RTX 4090. Msikilizaji wa haraka angedhani kwamba kadi mbili zimekuwa sawa kwa theluthi moja ya bei.

Dai hilo liliegemea mbinu ya kuzalisha fremu kwa akili bandia. Kwa kila fremu iliyochorwa kwa njia ya kawaida, kadi za kizazi hicho wakati huo ziliweza kubuni hadi fremu tatu za kuchomeka katikati. Macho huona mwendo mwororo zaidi. Hata hivyo, fremu za kubuniwa hazisomi amri mpya ya mchezaji. Mkono ukibonyeza kitufe, mchezo haujibu upesi zaidi kwa sababu yake. Isitoshe, RTX 5070 ina gigabaiti 12 za kumbukumbu, nusu ya zile za RTX 4090. Neno "utendaji" lilibeba maana mbili, na muuzaji akachagua ile iliyomfaa.

Namna ya kuamua

Kabla ya kufungua mkoba, mchezaji anaweza kufanya majaribio machache yasiyogharimu chochote.

Kwanza, apunguze idadi ya pikseli katika mipangilio ya mchezo, kisha atazame idadi ya fremu kwa sekunde. Ikipanda sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Ikibaki pale pale, shina la tatizo huenda ni kichakataji kikuu, na kadi ya bei ghali haitalitibu.

Pili, akichunguze kiwambo chake. Kiwambo cha hezi 60 huonyesha picha 60 tu kwa sekunde, hata kama kadi inachora 200. Mwenye kiwambo cha aina hiyo, tena cha pikseli 1920 kwa 1080, huenda akanufaika zaidi kwa kubadilisha kiwambo kwanza.

Tatu, akague kitengo kinachogawa umeme ndani ya tarakilishi. Kwa RTX 5090, NVIDIA inapendekeza kitengo cha wati 1,000. Kadi kubwa huhitaji pia kisanduku chenye nafasi na njia nzuri ya hewa, na gharama hizo ni sehemu ya bei hata kama hazikuandikwa kwenye kadi.

Nne, ajue aina ya chombo alicho nacho. Katika vipakatalishi vingi, kichakataji cha michoro kimelehemiwa kwenye ubao mkuu na hakibadilishwi.

Tano, apime matumizi yake yote. Anayehariri filamu, anayechora kwa vipimo vitatu au anayeendesha programu za akili bandia nyumbani huweza kuzihitaji gigabaiti 32, na kadi ikamrudishia fedha zake kwa kazi. Anayecheza saa mbili Jumamosi hana hoja hiyo.

Hitimisho

Tumeonyesha kuwa ubora wa kadi ya michoro hautegemei kadi peke yake, bali hutegemea pia kiwambo, kichakataji, umeme na haja ya mwenyewe. Kadi ya hadhi ya juu humfaa yule ambaye vipimo vyake vimethibitisha kwamba kadi ndiyo kizuizi, na ambaye vifaa vyake vingine vinaweza kuistahimili. Wengine wanashauriwa kupunguza mipangilio ya mchezo, kutafuta kadi ya daraja la kati, au kusubiri.

Aidha, tumeujadili mjadala huu tangu pikseli hadi wati bila kukimbilia lugha nyingine. Istilahi zipo, nyingine ni za asili, nyingine ni za mkopo uliokwisha kuzoeleka. Zikitumiwa mabwenini na madukani, kijana atakayeulizwa atoe robo milioni ya shilingi ataweza kuuliza, kwa lugha anayoimudu, ni nini hasa anachouziwa.