Mafuta ya nyonyo unayajua, je, mmea wake?

Dar es Salaam. Chupa ya mafuta ya nyonyo haikosekani katika nyumba nyingi za Segerea. Mama huyapaka kwenye nywele zake, na binti hupakwa kabla ya kusukwa. Lakini wengi wanaoyatumia hawaujui mmea unaoyatoa, hata kama umeota nyuma ya ukuta wao.

Mmea huo ni mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika. Asili yake ni Afrika Mashariki. Mjini huota wenyewe kwenye viwanja visivyojengwa, majalalani na kandokando ya mabonde, mahali ambapo watoto hupenda kuchezea wakitoka shule.

Hatari iko kwenye mbegu. Ndani yake mna sumu kali iitwayo risini, ambayo huzuia seli za mwili kutengeneza protini. Mbegu iliyomezwa nzima inaweza kupita tumboni bila madhara kwa sababu ya ganda lake gumu. Ikitafunwa, sumu hutoka. Kwa mtoto mdogo, mbegu chache zilizotafunwa zinaweza kuhatarisha maisha.

Mafuta yaliyotengenezwa ipasavyo hayana sumu hiyo, kwani risini haiyeyuki kwenye mafuta na huharibiwa na joto. Hubaki kwenye mashudu. Anayekamua nyumbani asiyaache mashudu hayo mahali ambapo watoto au mifugo watayafikia.

Namna ya kuutambua

Majani: Ni makubwa, yamegawanyika kama vidole vya mkono, mara nyingi vitano hadi kumi na moja. Kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno, tofauti na majani ya muhogo ambayo kingo zake ni laini. Kikonyo hushika upande wa chini wa jani, ndani kidogo ya ukingo, mfano wa mpini wa mwavuli.

Maua: Husimama kwenye shina moja na hayana petali. Ya chini ni ya kiume, yana rangi ya manjano iliyopauka. Ya juu ni ya kike, yana nyuzi nyekundu.

Matunda: Hukaa kwa vichala, yamefunikwa na miiba laini, na kila moja lina vyumba vitatu. Likikauka hupasuka na kurusha mbegu.

Mbegu: Zinang'aa, zina mabaka ya kahawia, na hufanana na kupe aliyeshiba damu. Uzuri huo ndio unaomvutia mtoto kuziokota na kuzitumia anapocheza kupika.

Usiuchanganye na mbono kaburi unaopandwa kama uzio. Huo matunda yake hayana miiba na mbegu zake ni nyeusi, lakini nazo zina sumu.

Mtoto akila mbegu

Mtoe mabaki mdomoni na umsukutue kwa maji. Usimlazimishe kutapika, wala usimnyweshe maziwa au maji ya chumvi ukidhani utaua sumu. Mpeleke kituo cha afya mara moja hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Huanza na maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara, wakati mwingine kwa damu.

Beba tunda, jani au picha ya mmea kwenye simu. Mweleze daktari mtoto amekula mbegu ngapi, saa ngapi, na kama alizitafuna. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa risini mwilini. Wahudumu humwongezea mgonjwa maji na kumfuatilia kwa karibu, hivyo kila saa ina thamani.

Kung'oa mnyonyo ulio karibu na nyumba kunasaidia, lakini mtoto hucheza pia kwa jirani na njiani. Jioni moja toka naye, mwonyeshe lile jani kubwa na lile tunda lenye miiba, umwambie: hiki hakiliwi.